Nimemtumia mama hela, jina likaja la mwanaume

#1 Mbanguaji wa Pili

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikuwa namtumia mama elfu hamsini. Kwa kawaida mimi huwa sisomi jina, nabonyeza tu hadi mwisho kwa sababu namba yake naijua kwa kichwa. Siku hiyo kuna mwenzetu kazini alikuwa ametoka kupigwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", basi roho ikanituma nitulie nisome kabla ya kuweka namba ya siri. Likaja jina la mwanaume. Majina matatu kamili, hakuna hata moja la ukoo wetu.

Nikapiga upya nikidhani nimekosea tarakimu. Lile lile. Nikampigia mwenyewe.

"Mama, hii laini unayotumia ni ya nani?"

"Yangu."

"Mbona jina linakuja la mtu mwingine?"

"Ee, huyo ndiye aliyenipa vidole."

Ngoja nieleze. Mama yangu yupo Masasi, na amekuwa akibangua korosho tangu mimi sijaanza shule. Watu wa kusini mnaelewa. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, lakini yale ya ganda yanapenya tu. Ngozi ya gumba na kidole cha shahada inaungua, inachubuka, inaota nyingine, inachubuka tena, na miaka inakwenda. Leo ukishika vidole vya mama ni laini na vyeusi kama kokwa za ukwaju. Mistari hakuna.

Ile fujo ya kusajili laini kwa alama za vidole, iliyoanza Mei 2019 na kufungwa Januari 20, 2020 baada ya muda kusogezwa, alipona kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, tena baada ya siku mbili za kuhangaika. Mwaka jana simu ikaibwa gulioni. Akaenda kurudisha laini, safari hii na kile kidole kikagoma. "Njoo kesho." Kesho yake: "Paka mafuta ulale nayo, uje keshokutwa." Keshokutwa: "Bibi, osha na limau." Bodaboda kwenda na kurudi elfu sita kila safari. Siku ya nne kijana mmoja aliyekuwa amekaa pale nje akamwonea huruma, akasajili laini mpya kwa vidole vyake na kitambulisho chake, akampa. Mama akamnunulia soda.

Kijana ni mwema, sina neno naye. Mwaka mzima hajagusa hata shilingi. Lakini hela yote iliyo kwenye kile kitochi cha mama iko kwenye jina la mtu ambaye akiamka asubuhi na shida zake anaweza kuingia duka lolote la simu, akaweka gumba, akaondoka na namba. Na yeye mwenyewe hayuko salama: simu ikiibwa tena na laini ikatumika kutapeli watu, polisi watamfuata yeye. Na ile laini ya zamani ilikuwa na 84,000. Zimo humo mpaka leo.

Kila siku tunaambiwa usimpe mtu namba yako ya siri, usitumie laini iliyosajiliwa na mtu mwingine. Sawa. Ila ukishajenga huduma yenye mlango mmoja, yule asiyeweza kupita hapo mlangoni haachi kuihitaji huduma. Anamtuma mtu aingie kwa niaba yake. Sisi wengine tunalipa hela tu. Yeye analipa hela na juu yake anaweka siri zake rehani kwa mtu anayemwamini, akiomba Mungu awe kweli mwaminifu.

Nikiuliza naambiwa mama yumo kwenye "makundi maalum". Kundi gani sasa? Mama anapiga hesabu ya kilo za korosho kichwani kabla hujafungua kikokotoo. Mashine ndiyo ilitengenezwa na mtu asiyewahi kubangua korosho.

Nataka kusikia kwenu. Umeme, maji, simu, benki, nani mwingine ameshawahi kupewa vidole?

#2 Kibatari

Siti ya mbele kabisa. Bila picha ya kidole uzi haujakamilika.

#3 Chuma cha Reli

Pole kwa mama mkuu. Ila tuseme ukweli, alama za vidole zimesaidia sana. Zamani mtu alikuwa na laini kumi, zote kasajili kwa majina ya wachezaji. Huwezi kubomoa mfumo wa mamilioni ya watu kwa sababu ya wazee wachache. Mzee ana watoto, ana wajukuu. Wamsaidie. Ndiyo kazi ya familia.

#4 Mbanguaji wa Pili

Sijasema mfumo ubomolewe, nimesema una mlango mmoja. Na hao wajukuu mkuu, fanya utafiti mdogo mtaani kwako, uliza wazee hela zao zinapotea mikononi mwa nani.

#5 Wakala Mstaafu

Mimi nilikuwa wakala Tandika miaka saba. Kibanda nimefunga, kwa hiyo leo naweza kusema.

Nilikuwa na madaftari mawili. Moja la miamala, lile kubwa linalokaa juu ya meza, unaandika namba, kiasi, mteja anasaini. La pili lilikuwa kwenye droo, dogo, la kava ya bluu, la kurasa 48. Ukurasa mmoja tu ndio ulikuwa na kitu. Jina, namba ya simu, namba ya siri. Bibi wa Maandazi. Mzee Sabuni. Mama Ubuyu. Mzee Sabuni namba yake ya siri ilikuwa mwaka aliooa, na kila mtu pale mtaani alijua alioa mwaka gani maana alikuwa haachi kusimulia. Walikuwa 14.

Sikuwaomba hata mmoja. Walikuja wenyewe: "Mwanangu, nishikie hiyo namba, mimi nikija nakuambia tu kiasi." Na sababu yao ilikuwa ya maana kabisa. Unapiga nyota hadi reli, inakuja orodha ya vitu nane kwa herufi za kutafuta na miwani. Unachagua, inakuja orodha nyingine. Ukichelewa kidogo kusoma inakatika, unaanza upya. Ukikosea namba ya siri mara tatu inafungwa, na kuifungua ni safari nyingine. Mtu mwenye macho ya miaka sabini anabonyeza jina lisilo lake, hela inakwenda kwa mganga wa Sumbawanga. Ameshaungua mara mbili. Mara ya tatu anaona heri aniamini mimi.

Sheria ya kazi inakataza, naijua, nilisaini. Ila kamisheni ya kumtolea mtu elfu kumi ni sarafu. Nikae nusu saa namfundisha bibi, nyuma yake kuna watu sita wanagonga kaunta, jioni mimi nakula nini? Hakuna aliyewahi kunilipa hata senti kwa kumfundisha mtu.

Jirani yangu mtaa wa pili naye alikuwa na daftari kama langu. Yeye alikuwa anamtoa mzee mmoja mbili mbili, elfu mbili leo, elfu mbili wiki ijayo, anaita makato. Iligundulika mtoto wa yule mzee alipokuja likizo akaomba taarifa ya miamala. Mzee mwenyewe alijua makato yamepanda. Na ukweli yalikuwa yanapanda, ilikuwa 2021 wakati wa tozo, nani angeshtuka?

Daftari langu nilichoma siku niliyofunga. Wiki moja baadaye Bibi wa Maandazi akanifuata nyumbani. Hakuja kunilaumu. Alikuja kuuliza, "Sasa namba yangu nikampe nani?"

#6 Kibatari

Hapa utani pembeni. Hiyo swali la mwisho imeniuma.

#7 Fimbo Nyeupe

Mimi sioni. Nakaa peke yangu, nafundisha.

Mnakumbuka 2024 tulivyotakiwa kuboresha mita za LUKU, hizi za umeme wa kulipia kabla, kabla ya Novemba 24? Jambo lenyewe lilikuwa la dunia nzima, mita za aina hii zote zilikuwa zinafika mwisho wa hesabu yao ya muda, kwa hiyo simlaumu mtu kwa hilo. Tatizo ni namna lilivyokuja kwetu. Ukinunua umeme unaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kuibadilisha mita, la tatu ndio umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwa mpangilio, usiruke.

Simu yangu inanisomea meseji kwa sauti. Lakini ikikutana na tarakimu zilizofuatana haisomi moja moja, inasoma "elfu nne mia tatu kumi na saba", halafu "mia nane na tisa", na pale kwenye sifuri mwanzoni inaimeza kabisa. Kile kidude cha kuingizia namba vitufe vyake vimechakaa, navihesabu kwa kidole. Nikamwita mtoto wa jirani, darasa la nne. Yeye asome, mimi nibonyeze. Akaruka saba. Ikakataa. Tukabadilishana, mimi nisikilize simu, yeye abonyeze. Ikakataa. Ya tatu ikakubali. Piga hesabu mwenyewe ni tarakimu ngapi.

Nilipokwenda ofisi fulani kuuliza kama kuna njia ya mtu kuja kunisaidia, mhudumu aliniuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na nia mbaya: "Kwani mzee wewe taa unawashia nini?"

Nina friji. Nina redio. Nina simu inayonisomea dunia nzima na inahitaji chaji. Na nina wageni wanaoona.

#8 Chuma cha Reli

Samahani mkuu siyo kejeli, unaandikaje humu kama huoni?

#9 Fimbo Nyeupe

Simu inanisomea mabandiko, na mimi naandika kwa kubonyeza huku inanitajia herufi. Yako nimeisikiliza mara mbili, hujaweka mkato hata mmoja.

#10 Kibatari

Hahahaaa Chuma kapigwa na chuma.

#11 Kimya Kingi

Kiziwi hapa. Fupi.

Akaunti yangu ya hela kwenye simu ilifungwa. Meseji: "Piga huduma kwa wateja." Nikaenda dukani kwao na karatasi nimeandika kila kitu. Mhudumu naye akaniandikia: "Lazima upige." Nikamwandikia: "Mimi ni kiziwi." Akaandika: "Mwambie mtu akupigie."

Dada yangu akapiga. Wakamwambia wanataka kumsikia mwenye laini. Akasema mwenye laini ni kiziwi. Wakasema utaratibu ni kumsikia mwenyewe. Akakata simu. Akapiga tena baada ya robo saa, akakaza sauti, akawa mimi. Wakamuuliza tarehe ya kuzaliwa, wakafungua akaunti, wakamshukuru "kaka".

Dada yangu anafundisha kipaimara. Wamemfanya tapeli kwa dakika nne.

#12 Mbanguaji wa Pili

Hili la #11 ndilo nilikuwa natafuta namna ya kulisema. Ulinzi umewekwa kuzuia udanganyifu, halafu mtu mwaminifu hawezi kuhudumiwa mpaka adanganye. Na tapeli wa kweli, mwenye sauti nzuri na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, anapita bila jasho.

#13 Mke wa Marehemu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Niseme na mimi, maana naona tunazungumzia wazee na wenye ulemavu tu.

Mimi ni mhasibu. Miaka 38, macho mawili, masikio mawili, vidole kumi vinasoma. Mume wangu alifariki ghafla. Mita ya maji jina lake, umeme jina lake, king'amuzi jina lake, na hela ya matumizi ya nyumba ilikuwa kwenye simu yake kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Watu wakaendelea kutuma rambirambi kwenye namba yake. Simu ya marehemu inaingiza meseji za pole, nimeishika mkononi.

Namba yake ya siri nilikuwa naijua. Wanawake wenzangu waliofiwa kabla yangu walinivuta jikoni siku ya tatu: "Usiseme kokote kwamba amekufa. Toa kwanza." Mimi mhasibu nikajifanya najua sheria. Nikaenda kutoa taarifa. Akaunti ikafungwa siku ile ile. Nikaambiwa lete barua ya usimamizi wa mirathi. Yaani muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kusubiri. Ada ya shule haisubiri mirathi.

Sipingi utaratibu. Wajane wengi wamedhulumiwa na mashemeji, kwa hiyo mahakama iwepo. Ninachosema ni kwamba aliyesema ukweli ndiye aliyekaa miezi bila hela, na hakukuwa na hata njia ya kutoa kiasi kidogo cha chakula huku mengine yakisubiri.

Na kingine. Ile fomu niliisoma mara nne nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, siielewi. Mimi ambaye kazi yangu ni fomu. Herufi naziona, hazishikani. Mhudumu akanipazia sauti kama mtu asiyejua kusoma, na kwa siku ile kweli sikuwa najua. Leo nikiipata ile fomu naijaza kwa dakika tano.

Kwa hiyo Chuma cha Reli, "wachache" unaowasema wanabadilishana zamu.

#14 Mswahili wa Likoni

Pole sana dada. Huku Mombasa mambo ni yayo kwa yayo, tokeni za stima tarakimu ishirini, nyanya anampa kijana wa dukani simu yote. Mwanangu ndiye mkurugenzi wa pesa za bibiye na ana miaka kumi na mmoja.

#15 Mpangaji wa Mbagala

Mimi nalileta la umeme na wapangaji maana hapa pana jambo watu hawaliangalii.

Kuna bei ya chini kwa watumiaji wadogo wa nyumbani, D1. Ukitumia hadi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha VAT 18%, REA (ya umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1% inakuwa 122. Kundi la kawaida, T1, ni 292, ukijumlisha inafika kama 356. Lengo la D1 ni zuri, kumsaidia mnyonge.

Sasa njoo nyumba yetu. Vyumba sita, mita moja. Mimi nina taa mbili, feni, chaji ya simu, natumia kama yuniti 20. Wenzangu hivyo hivyo. Jumla 120. Mita imevuka 75, haiwezi kukaa D1. Kwa hiyo yuniti zangu 20 ambazo zingenigharimu 2,440 nalipia 7,120. Wakati huo kuna bwana ana nyumba yake ya pili ya kupumzikia, anakuja mara moja kwa mwezi, mita peke yake, yumo D1 amelala.

Mita haijui mtu, inajua nyumba. Masikini wa mjini kajazana, basi anaonekana tajiri.

Juu ya hapo weka kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi Agosti 2021, ikawa 1,500 kuanzia Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni sisi. Ukiambiwa "mkakatane na mwenye nyumba kwenye kodi ya chumba", nenda kajaribu uone kama wiki hiyo hujapewa notisi.

#16 Fimbo Nyeupe

Kwenye kodi ya jengo kuna kingine. Mwenye miaka 60 na kuendelea anasamehewa kwa nyumba anayoishi. Msamaha upo kwenye sheria, lakini makato yanaanza yenyewe na msamaha unaufuata wewe, na makaratasi yako. Shangazi yangu alikuwa hanunui umeme kila mwezi, taa moja inamtosha. Ile 1,500 inajikusanya kama deni. Anakwenda kununua umeme wa 3,000 baada ya miezi, anaambiwa yote imekwenda kwenye deni. Aliamini mita imerogwa.

#17 Ng'ambo ya Pili

Salamu kutoka Leicester. Nimeishi huku miaka 16, nimefanya kazi kwenye kituo cha simu cha kampuni ya umeme, naomba niongeze.

Kwanza, jambo la Mke wa Marehemu ndilo kiini. Shirika la viwango la kimataifa ISO lilitoa kiwango namba 22458 mwaka 2022, kuhusu jambo hili hili. Msingi wake ni kwamba kuwa katika hali ya kudhurika na huduma si aina ya mtu. Ni hali. Inaweza kuwa ya kudumu au ya muda, na inaweza kumpata yeyote: ugonjwa, msiba, kufukuzwa kazi, lugha usiyoijua. Na mtoa huduma mwenyewe, kwa namna alivyoipanga huduma, anaweza kuwa ndiye anayekutia kwenye hali hiyo.

Uingereza kampuni za umeme, gesi na maji zina daftari la wateja wa kuhudumiwa kwanza. Unajiandikisha bure. Mwenye mashine ya kupumulia nyumbani anaambiwa mapema umeme ukitaka kukatwa. Asiyeona anapata bili ya nukta nundu au ya maandishi makubwa. Anayeogopa matapeli wanaogonga mlango anaweka neno la siri, na fundi akija lazima alitaje. Na hili wakuu mlisikilize: unaweza kumteua mtu wa kupokea bili na taarifa kwa niaba yako. Anaandikwa. Anajulikana. Hahitaji kukaza sauti. Daftari lipo kama la Wakala Mstaafu, tofauti ni kwamba halipo kwenye droo na halina namba za siri.

Lakini msidhani huku ni peponi. Mwanzoni mwa 2023 iligundulika mawakala wa madeni walikuwa wanaingia kwa amri ya mahakama kwenye nyumba za watu, wagonjwa na wenye watoto wachanga, wanawafungia kwa nguvu mita za kulipia kabla, yaani LUKU zao. Ikawa kashfa kubwa, mdhibiti wao Ofgem akasimamisha zoezi, na baadaye zikaja kanuni kwamba kuna nyumba hairuhusiwi kufunga kwa nguvu, mfano yenye mtoto wa chini ya miaka miwili au mzee wa zaidi ya 75 asiye na mtu wa kumsaidia.

Nilipokuwa nasikiliza mjadala ule kwenye redio nilikuwa nacheka peke yangu. Kinachoitwa kashfa huku ndiyo mita ya mama yangu Tanga. Hoja yao ni hii: mwenye mita ya bili akishindwa kulipa, kampuni inakuja kumkatia, na kukata kuna utaratibu, barua, tarehe, mtu anayejibu. Mwenye mita ya kulipia kabla akikosa hela umeme unajizima wenyewe saa nane usiku. Hakuna aliyemkatia. Haandikwi popote. Ndiyo maana mita zao nyingi zimepangwa zisizime usiku na mwisho wa wiki, zinasubiri hadi ofisi na maduka yafunguliwe.

#18 Chuma cha Reli

Nimeelewa sehemu kubwa, na ya #13 nimeomba radhi moyoni. Lakini swali langu liko pale pale. Nani analipa? Wazungu wana bajeti.

#19 Wakala Mstaafu

Mkuu, vingine havina bajeti kabisa. Meseji ya tokeni kuandika tarakimu nne nne na kuzitamka moja moja, ni bei gani? Menyu isubiri dakika badala ya sekunde? Kiziwi ahudumiwe kwa meseji, wakati kampuni hizo hizo zinanitumia meseji za bahati nasibu kutwa mara tano?

Chenye bajeti ni kumlipa wakala kidogo kwa kumfundisha mtu. Hilo sawa, mjadiliane. Ila nakwambia kutoka kaunta, hasara ya sasa ipo, sema haipo kwenye vitabu vya kampuni. Ipo kwenye sarafu za Bibi wa Maandazi.

#20 Mama Kiwete wa Kigogo

Mimi sina maneno mengi. Ofisi waliyotujengea ngazi ina dirisha la makundi maalum. Dirisha lipo ghorofa ya kwanza.

#21 Kibatari

😂😂 Dada umefunga mkutano.

#22 Fimbo Nyeupe

Kwa wanaouliza pa kulalamikia: unaanza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, tunza nakala. Asipojibu, nenda kwa mdhibiti: umeme na maji ni EWURA, simu ni TCRA. Na kila mmoja ana baraza lake la watumiaji, EWURA CCC na TCRA CCC, kazi yao ni kusimama upande wako. Nakala, wakuu. Mimi nakala zangu nazipiga picha, jirani ananihakikishia kama zimeonekana.

#23 Mbanguaji wa Pili

MREJESHO

Nimekwenda Masasi wiki iliyopita, nimemchukua mama na yule kijana pia, nikaona na yeye atoke kwenye huu mzigo.

Tulifika dukani saa tatu asubuhi. Dada wa kaunta akaanza na gumba. Hakuna. Shahada. Hakuna. Akapitia vyote kumi, akafuta kioo cha mashine kwa kitenge chake, akapitia tena kumi. Mama ananyoosha vidole kimoja baada ya kingine kama mtoto anayekaguliwa kucha. Dada akasema mama aende akapumzishe vidole, arudi baada ya mwezi bila kubangua. Msimu ndio unaanza.

Nikamwomba msimamizi. Akatoka kijana mtaratibu, akaangalia vidole, akasema, "Huyu tumfanyie kwa maswali." Nikamuuliza maswali gani. Kumbe ipo njia ya kumhakiki mtu kwa kumuuliza yaliyomo kwenye kumbukumbu zake za NIDA, wale wa kitambulisho cha taifa. Dada wa kaunta alikuwa haijui. Nikauliza mbona hamjaibandika hata karatasi ukutani. Akasema wakiitangaza kila mtu ataitaka.

Mama akaulizwa jina la mama yake mzazi. Akasema la nyumbani, likakataa. Akafikiri, akasema lile la kubatizwa, likakubali. Akaulizwa shule ya msingi. Kata aliyozaliwa ilimchanganya maana ilishagawanywa, lakini akapatia. Hazikufika dakika kumi na tano. Mwaka mzima kwa ajili ya dakika kumi na tano na karatasi ambayo haikubandikwa.

Yule kijana ameifuta ile laini kwenye jina lake. Mama kampa korosho za kukaanga mfuko mzima, kakataa hela.

Jioni nikatuma elfu moja ya kujaribu. Jina likaja la mama, ila herufi moja imekosewa. Nikamwambia turudi kesho warekebishe. Akasema liache hivyo hivyo, yeye ofisi harudi.

Zile 84,000 za laini ya zamani tumeambiwa tusubiri, wanafuatilia. Zikirudi nitawaambia.

#24 Kibatari

Na picha ya kidole?